Koplo Mkristo: Kusali Hangani, Kuwaombea Walio Chini Yake, na Lindo la Jumapili

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji, na shikamoo. Mimi ni askari katika kambi mojawapo hapa Dodoma, Mwanglikana tangu kuzaliwa. Kila usiku hupiga magoti kando ya kitanda changu, na wenzangu hangani, yaani katika bweni la askari, wamenibatiza jina la "mchungaji". Siku nyingine utani huo unauma. Mmoja amenikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alisema tusali chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Sasa nimepandishwa cheo kuwa koplo, na natamani kuwakusanya vijana walio chini yangu tuombe pamoja kabla ya gwaride. Tena Jumapili nyingi napangiwa lindo. Nifanyeje ili nisiifiche imani yangu wala nisivunje utaratibu wa jeshi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe sana.

Katika Mathayo 6 Bwana anawakemea wanaosali ili watu wawaone. Wewe hanga lenu halina chumba cha kujifungia, na kuonekana kwako kunatokana na wingi wa vitanda, si na tamaa ya kutazamwa. Danieli, katika sura ya 6 ya kitabu chake, alisali madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu kama alivyokuwa amezoea. Marufuku ya mfalme haikumfanya ayafunge, wala hakwenda kusali barabarani ili kumkomoa mtu. Basi jipime hivi: je, ungepiga magoti vilevile kama wenzako wote wangekuwa likizo? Kama ndivyo, endelea, tena kwa sauti ya chini, maana kuna anayetoka zamu na anahitaji usingizi. Bila shaka hangani mwenu yupo pia Mwislamu anayeamka alfajiri, akatawadha na kutandika mswala wake bila kumwomba radhi mtu yeyote. Sioni kwa nini wewe uone haya.

Kuhusu kuwakusanya vijana kabla ya gwaride, jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo Wakristo wengi wenye vyeo, wakiwemo wa maofisini, wanapokosea kwa nia njema. Neno la koplo kwa askari aliye chini yake ni amri, hata koplo huyo akitabasamu na kusema kwamba anayependa tu ndiye aje. Kijana atakuja kwa sababu anaogopa zamu mbaya, na kati yao wamo Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste na wasiofuata dini yoyote. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaiweka kazi ya kutangaza dini katika hiari ya mtu, na hiari haikai pamoja na amri. Akida wa Kapernaumu, mkuu wa askari mia katika Injili, alijua uzito wa neno lake: "Nikimwambia huyu, Nenda, huenda, na huyu, Njoo, huja." Ujuzi huo ulimsaidia kuitambua mamlaka ya Kristo, wala hatusomi kwamba aliutumia kuwaswaga askari wake waende kumsikiliza Yesu. Kornelio naye, akida mwingine katika Matendo ya Mitume, Petro alipokuwa njiani kuja Kaisaria, aliwaita jamaa zake na rafiki zake; Luka hasemi kwamba alikipanga kikosi mstari. Hata hivyo, katika sura hiyohiyo ya 10 ya Matendo tunamkuta askari mmoja mtauwa miongoni mwa waliomhudumia. Luka hatuelezi alifikaje hapo, ila mimi nadhani alikuwa akimtazama mkubwa wake siku zote.

Kwa hiyo, kama wapo wanaotaka kuomba pamoja, na iwe baada ya kazi, kwa ruhusa ya uongozi wa kambi, na aongoze asiye na cheo. Wewe kaa kama muumini mmojawapo. Kesho yake unapogawa fatiki, yaani kazi za mikono za kambi, usikumbuke nani hakuwepo.

Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia wavue sare. (Najua kwamba Wakristo wamebishana juu ya jambo hilo tangu karne za kwanza, na Martin wa Tours, askari wa Kirumi wa karne ya nne, aliacha jeshi kwa ajili ya imani yake, lakini wewe hukuniuliza hilo.) Aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na wawe radhi na mishahara yao. Huo ndio uwazi ninaokudai kwanza. Dizeli ya gari la kambi ikipungua mikononi mwa anayepiga magoti usiku, afadhali asingepiga. Walokole wa Uamsho, vuguvugu la toba lililoingia Tanganyika kutoka Rwanda na Uganda walifahamika vijijini kwa kurudisha walichoiba, na aliyerudishiwa mbuzi wake hakuhitaji mahubiri marefu.

Lindo la Jumapili lisikusumbue dhamiri. Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na wanaokesha ili wengine wakae kanisani kwa amani hawamkimbii Mungu. Waweza kuomba kubadilishana zamu kwa njia inayokubalika, lakini usimwachie mwenzako Jumapili zote, maana naye ana familia. Soma masomo ya siku kabla ya kuingia. Ukiwa na silaha mkononi, Biblia ibaki hangani na macho yawe kwenye kazi. Kisha mwone mchungaji wa mtaa ulio karibu na kambi, umwonyeshe ratiba ya zamu zako, mpatane siku ya katikati ya wiki utakayopokea Ushirika Mtakatifu.