Shamba la wanyama wa tiba ndani ya bustani ya umma
Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kutenga kona ya bustani ya umma hapa Entebbe kwa shamba dogo la mbuzi, sungura na punda watakaowasaidia watoto wenye usonji au ulemavu wa viungo. Naunga mkono, ila kwa sharti moja kubwa: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali iishikilie kwa amana ya wananchi ardhi iliyotengwa kwa mazingira na utalii, kwa hiyo shamba lisiwe kisingizio cha kuzungushia uzio mali ya wote na kuwatoza wazazi maskini kiingilio. Zizi liwekwe upande wa chini wa mteremko, mbali na uwanja wa michezo, kwa sababu mvua husomba samadi; ila samadi hiyo isifike Ziwa Viktoria, maana kutoka hapo hadi ziwani si mbali. Mbuzi wapimwe bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoweza kuwaambukiza watu, kabla ya kuletwa, na mabomba ya kunawia mikono kwa sabuni yawe kwenye lango la zizi, katika kimo cha mtoto. Njia nayo iwe ngumu na pana kwa viti vya magurudumu. Mtoto asiyeweza kulifikia zizi ndiye hasa tuliyemkusudia.