Sikio Kwanza: Majibu kwa Wanaojifunza Muziki

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 41 na sijawahi kushika ala yoyote. Nimechelewa kujifunza udi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hujachelewa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akawa anauza vyungu, na alipohamia mjini Unguja mwaka 1911 alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Mafunzo yake ya kuimba kwa kufuata udi aliyapata huko mjini, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Ni kweli vidole vya mtu mzima huwa vizito. Lakini mtu mzima anajua wimbo anaoupenda, basi aanze na huo. Kinachowakwamisha wengi ninaowafundisha ni kuona haya: wanataka kupiga vizuri mbele yangu tangu siku ya kwanza. Njoo upige vibaya. Nimekaa pale ili nisikie hayo hayo.

Mwalimu, ni lazima nijue kusoma nota?

Ukitaka kukaa na kundi kubwa lenye fidla kadhaa, nota zitakusaidia sana. Ila zisitangulie. Chukua rasti, moja ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu: sauti yake ya tatu inakaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda cha kawaida, hivyo kinanda hakiwezi kuitoa. Udi hauna vigawanyo shingoni, kidole kinaweza kuifikia, lakini kitajuaje pa kusimama kama sikio halijaizoea? Karatasi itakuwekea alama tu. Sikiliza, imba kwa mdomo, kisha tafuta kwenye uzi.

Mwanangu ana miaka 9. Namkalisha saa nzima kila siku na fidla, sasa analia akiiona. Nifanyeje? (Mama, Mwanakwerekwe)

Pole mama, na umpe pole na yeye. Punguza iwe dakika 15, na hizo dakika ukae naye. Utaona jambo hili: akikosea, anarudi mwanzo wa wimbo. Akikosea tena pale pale, anarudi tena mwanzo. Mwisho wa saa mwanzo ameupiga mara nyingi mno, na pale pagumu hajapagusa vizuri hata mara moja. Mzuie kwa upole. Mwambie apige sauti nne tu, zile zinazomshinda, polepole mpaka upinde usikwaruze, halafu aongeze moja nyuma na moja mbele. Zikikaa sawa, fungeni fidla kwenye sanduku hata kama dakika hazijaisha. Na tafadhali, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Ninunue udi wa namna gani?

Nenda na anayejua kupiga. Atazame kama shingo imenyooka, kama nyuzi haziko juu mno kiasi cha kuumiza vidole, na kama vigingi vinashika. Nakshi usizijali.

Natunga nyimbo lakini zote zinafanana na za watu. Nitapataje sauti yangu? (Kijana, Mombasa)

Kufanana na watu mwanzoni si aibu. Ndivyo tunavyojifunza sote. Kwanza jifunze wimbo mmoja wa wazee mpaka uujue wote, hata kitendo cha kila ala. Kisha uache, urudi kwenye maneno yako. Vijana wengi wanaoniletea kazi wameshika tuni ya mtu, wakasukumiza maneno ndani yake, na mkazo ukaangukia silabi isiyostahili. Msikilizaji anahisi kitu kimepinda hata asipojua ni nini. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nzuri huiheshimu. Kwa hiyo andika ubeti wako, uhesabu mizani, uusome kwa sauti bila ala yoyote, kama unazungumza na mtu unayemtaka akusikie. Sauti itapanda yenyewe mahali fulani na kushuka mahali pengine. Huo mpando na mshuko ndio wako, haukutoka kwa mtu. Urekodi kwenye simu, ndipo uchukue udi uanze kuufuata.