Amfitheta: ukumbi, uwanja au ulingo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kijitabu cha watalii kuhusu Roma, nimekwama kwenye Colosseum, lile jengo la kale la maonyesho ya mapigano. Niliandika hivi: "Ukumbi huo wa duara ulikuwa na ulingo katikati, na watu walikaa jukwaani." Mhariri kazungushia wino mwekundu maneno manne: ukumbi, duara, ulingo, jukwaani. Kosa langu ni nini? Na je, nikiandika "amfitheta" nitaeleweka?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ana jicho kali, ingawa katika neno moja amekuonea.

Ukumbi kwanza. Katika nyumba za pwani, ukumbi ni ile sehemu ya ndani karibu na mlango wa mbele, anapokaribishwa mgeni. Baadaye neno likapanuka: ukumbi wa harusi, ukumbi wa mikutano, ukumbi wa bunge. Zote hizo zina paa. Colosseum haikuwa nalo. Palikuwa na maturubai yaliyovutwa kwa kamba ili kuwakinga watazamaji na jua, na walioyashughulikia walikuwa mabaharia, maana ndio waliozoea matanga. Lakini turubai si paa. Ukimwambia msomaji "ukumbi" atatafuta feni na taa. Sema uwanja, au uga ukiwa unawaandikia Wakenya, ambao magazeti yao yamelizoea neno hilo kwenye habari za michezo.

Duara nalo halifai, na hapo hoja ni ya vipimo. Colosseum ina urefu wa mita 188 hivi na upana wa mita 156. Duara halina urefu na upana. Walimu wa hesabu wana neno lao, duaradufu, nami nalipenda, ila kwenye kijitabu cha watalii linanuka chaki. "Umbo la yai" litamfikia kila mtu, hata kama fundi wa jiometri atakukumbusha kwamba yai lina upande mnene na upande mwembamba.

Ulingo ndio ulionichekesha. Leo tunaujua ulingo wa masumbwi na ulingo wa siasa. Mkulima wa mpunga anaujua ulingo mwingine: kichanja kirefu cha miti, mtu anapanda juu yake kuamia ndege wasimalize shamba. Vyote hivyo vimeinuliwa, na aliye juu yake anaonekana au anaona mbali. Sasa tazama Colosseum: pale wapiganaji wa panga walipokabiliana palikuwa chini kabisa, na watazamaji ndio walioinuliwa. Kwa maana ya asili, waliokaa ulingoni ni watu wa Roma! Warumi wenyewe mahali pale palipopiganiwa walipaita kwa neno lao la mchanga, harena, kwa sababu sakafu ya mbao ilimwagiwa mchanga wa kunyonya damu. Basi "uwanja wa mchanga" ni tafsiri nyepesi na ya kweli kuliko ulingo.

Jukwaani ndipo ulipoonewa. Mtangazaji wa mpira husema "mashabiki wamefurika majukwaani" na hakuna anayeshangaa. Tatizo ni kwamba jukwaa pia ni pale anaposimama mwimbaji au mgombea. Neno moja, pande mbili za onyesho. Ukiweza, andika ngazi za kukalia, utakuwa umemaliza ubishi. Waarabu jengo lote hulitaja kwa ngazi zake, mudarraj, na mzizi wake ndio uliotuletea daraja.

Turudi kwenye "amfitheta". Neno ni la Kigiriki: theatron ni mahali pa kutazamia, na amphi ni pande zote mbili, au kuzunguka. Yaani thieta mbili zilizoelekezana uso kwa uso. Usidhani natia chumvi. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba katika karne ya 1 KK Gaius Curio alijenga thieta mbili za mbao juu ya egemeo za kuzungukia. Asubuhi zilipeana mgongo, kila moja na mchezo wake wa kuigiza bila kuingiliana kelele. Kisha zikazungushwa zikakutana, na katikati wakaingia wapiganaji. Jina lote limo katika kisa hicho.

Ndiyo maana Epidauros, Ugiriki, ambako nusu duara ya ngazi za mawe imeegemea kilima na sauti ya mwigizaji hupanda hadi safu za juu, ni thieta na si amfitheta. Lakini lugha haikai darasani. Red Rocks ya Colorado, Marekani, iliyofunguliwa 1941 kati ya miamba miwili myekundu, inaitwa amfitheta na watazamaji wote wanatazama upande mmoja. Waarabu nao wanaiita mudarraj ile thieta ya Kirumi ya Amman, Yordani, nayo ni nusu duara. Siku hizi neno limekuja kuwa na maana ya mahali popote pa wazi penye ngazi za kukalia, kama pale ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, watu wanapotazama filamu na kusikiliza muziki chini ya nyota. Kwa mahali kama hapo, "ukumbi wa wazi" nausikia kila siku, na sitaukataa, japo wazo la paa lake bado linanisumbua.

Wewe unaandika kuhusu Roma, kwa hiyo tumia amfitheta, ngeli ya i-/zi-, ueleze mara moja tu kisha uendelee. Mimi ningeandika: "Amfitheta hiyo ina umbo la yai, katikati palikuwa na uwanja wa mchanga, na ngazi za kukalia ziliuzunguka pande zote." Mpelekee mhariri, ila kalamu nyekundu ifiche kwanza.