Besimenti: panga ukimfikiria atakayelala humo

Karibu kila familia ya Waafrika Mashariki ninayoijua hapa Minnesota, Marekani, ina mpango wa kukarabati besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi. Huyu anataka sebule ya kutazamia mpira, yule chumba cha mazoezi. Subiri mwaka au miwili, utakuta humo kuna kitanda: mama kaja kumlea binti aliyejifungua, au binamu kafika juzi na hana pa kushukia. Ndiyo maana nasema panga ukijua kuna mtu atalala huko chini, hata kama leo huna mgeni. Ukipanga hivyo, rangi, taa na sakafu vyenyewe vitasogea mwisho wa orodha.

Kwa ambaye hajaizoea nchi hii ya baridi: ardhi huku huganda, na udongo ukiganda huvimba na kuinua nyumba. Kwa hiyo kanuni za ujenzi za jimbo zinataka msingi ushuke inchi 42 upande wa kusini, Minneapolis ikiwemo, na inchi 60 kaskazini. Ukishachimba kiasi hicho, ongeza futi chache tu umepata ghorofa nzima. Lakini ni ghorofa iliyozungukwa na udongo unyevu pande zote.

Basi anza na maji. Siku ya mvua kubwa vaa koti, uzunguke nyumba uone maji ya gata (mfereji wa paa) yanamwagika wapi. Yakimwagika mguuni mwa ukuta, yatakufuata chini. Refusha bomba liyapeleke mbali, kisha ujaze udongo kando ya nyumba hadi uteremke kwenda nje. Kipimo kinachotumika ni inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Hii ni kazi ya koleo na jasho, na mara nyingi unyevu unaoisumbua familia huishia hapo. Halafu shuka na tochi. Papasa kuta: ukitoka na unga mweupe vidoleni, maji yamekuwa yakipenya na kuacha chumvi zake. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, ukiache mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, unyevu unapanda kupitia zege. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba yenyewe. Na ukiweza, acha majira ya kuyeyuka kwa theluji yapite kabla hujafunika ukuta wowote.

La pili halionekani wala halinuki. Radoni ni gesi inayotoka kwenye urani iliyomo ardhini, na nchini Marekani gesi hii ndiyo chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba 2 kati ya kila 5 zina kiwango cha juu. Kipimo chake ni cha bei nafuu, unakiweka mwenyewe. Matokeo yakifika pikokuri 4 kwa lita (pikokuri ni kizio cha mionzi), linawekwa bomba linalofyonza hewa chini ya sakafu na kuitoa nje juu ya paa kwa feni. Pima sasa, kuta zikiwa wazi, bomba lipite unapotaka wewe.

Sasa dirisha, na hapa naomba usibanie pesa. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha la kutokea moto ukiwaka. Lenga uwazi halisi, yaani nafasi ya kupita dirisha likiwa wazi, wa futi za mraba 5.7; kanuni zinataka kimo kisichopungua inchi 24 na upana usiopungua inchi 20. Angalia vizuri: inchi 20 kwa 24 hazifikii hata futi za mraba 4, kwa hiyo huwezi kuchukua vipimo vyote viwili vya chini. Kizingiti cha dirisha kinaruhusiwa hadi inchi 44 kutoka sakafuni, na kwa mama mfupi hapo ni kifuani. Sisi tulimwambia fundi akate zege ili dirisha lishuke zaidi. Mama yangu alipokuja nilimwomba alifungue mwenyewe: akajifunga kanga vizuri, akazungusha mpini, akapanda kwenye kistuli, akashika ngazi ya shimo lililochimbwa nje ya dirisha na kutoka hadi kwenye nyasi. Usiku ule nililala vizuri. Mfanyie mgeni wako hivyo siku ya kwanza, na umwonyeshe king'ora cha moshi na cha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi vinavyolia.

Nyumba ikiwa ya kabla ya 1980 na sakafu ina vigae vya inchi 9 kwa 9, usivibandue kabla havijapimwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu.

Kuhusu mafundi, najua tunapenda kumpa kazi mtu wetu, na wapo hodari sana. Mpe, ila awe na leseni ya jimbo na kibali cha ujenzi akichukue yeye. Akikuomba ukichukue kwa jina lako ili mambo yaende haraka, mshukuru na utafute mwingine. Mkaguzi lazima aone nyaya na mabomba kabla ya mbao za jipsamu za kufunika ukuta kupigwa. Siku hiyohiyo piga picha za kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa, ujue baadaye bomba liko wapi.

Mwisho, kabla hujanunua kitanda, mpigie simu mtu wa bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na maji machafu yanaporudi kupitia bomba la sakafuni kwa kawaida hulipwa tu kama umeongeza kipengele chake. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.