Uliza Fundi: Matope Chini ya Tangi

SWALI: Fundi habari yako, mi ndo naangalia ploti ya shangazi hapa Umoja, tuna tangi la plastiki la lita 10,000 na lingine la zege chini ya ardhi. Maji ya kanjo (ya jiji) yakirudi baada ya mgao mfereji unatoa rangi ya chai, wapangaji wamenichosha na kelele. Keretaka anataka amwage Jik, ile dawa ya klorini ya madoa, ndani basi iishe. Na kumwaga maji yote siwezi, tunayapata mara moja kwa wiki.

JIBU: Keretaka aiweke hiyo Jik chini kwanza. Klorini ikikutana na tope inaishia hapo hapo kwenye uchafu, maji hayapati kitu. Toa tope kwanza.

Hilo tope mengi yake yanatoka kwa mabomba. Maji yakirudi kwa nguvu yanakwangua mchanga na kutu iliyotulia, yanakuja kuvitua kwa tangi lako, na vile bomba la kutoa maji liko juu kidogo ya sakafu, vinajikusanya hadi siku vinafika kimo chake.

La plastiki subiri maji yabaki kidogo, siku moja kabla ya mgao, usiku funga valvu ya kuingiza yatulie. Asubuhi chukua mpira, ujaze maji (usifyonze kwa mdomo tafadhali), ncha moja uifunge kwa kijiti uiteremshe mpaka chini, ile ingine iwe chini kuliko tangi, halafu tembeza polepole, ukiharakisha utavuruga kila kitu. Hayo maji machafu weka ya choo. Baadaye sasa Jik ya kawaida, ile ya asilimia 3.5, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 20, sugua kuta kwa brashi laini, ngoja nusu saa, suuza umwage.

La zege ndo linanitia wasiwasi. Fungua mfuniko mapema hewa iingie, mtu asiingie peke yake, awe na kamba na mwenzake abaki juu. Pampu ya petroli isishuke mle kabisa, moshi wake unaua. Ya stima, zima na uchomoe kabla mtu hajaingia.

Na kabla hata hujaliosha, usiku mmoja funga kila kitu uweke alama ya kimo cha maji. Yakishuka, kuna ufa, na penye ufa hata maji ya choo ya jirani yanaweza kuingia. Hapo ita fundi wa ujenzi.