Maswali ya Wasomaji: Mkristo na Loji ya Freemason

Barua kuhusu Freemason zimetufikia kwa wingi, na nyingi zinaanzia kwenye hadithi za majoka na kafara. Tumechagua zile zinazojibika kwa sheria za makanisa na kwa maneno ya ibada za loji zenyewe (loji ni kikundi ambamo Freemason hukutana), ambayo yamechapishwa miaka mingi na yeyote anaweza kuyasoma.

Tumsifu Yesu Kristo. Mkuu wangu wa kazi, Mwanglikana mcha Mungu, ni Freemason na amenialika nijiunge. Paroko amesema haiwezekani. Rafiki yangu mwanasheria anasema sheria ya Kanisa ya 1983 iliondoa jina la Freemason, kwa hiyo marufuku imekwisha. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Moshi

Milele, amina. Kuhusu jina, rafiki yako amesema kweli. Kuhusu marufuku, paroko ndiye yuko sahihi.

Kanuni ya 2335 katika sheria ya mwaka 1917 iliwataja Freemason waziwazi, na Mkatoliki aliyejiunga alitengwa na Kanisa papo hapo bila kusubiri hukumu ya mtu. Kanuni ya 1374 ya mwaka 1983 haitaji jina lolote. Inasema anayejiunga na chama kinachofanya hila dhidi ya Kanisa apewe adhabu ya haki, na anayekieneza au kukiongoza azuiliwe huduma takatifu. Wengi waliisoma kama alivyoisoma rafiki yako. Ndiyo sababu tarehe 26 Novemba 1983, siku moja tu kabla sheria hiyo haijaanza kutumika, Roma ilitoa tamko lililosainiwa na Kardinali Ratzinger, baadaye Papa Benedikto wa 16, kwa idhini ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Lilisema msimamo wa Kanisa haujabadilika: mwamini anayejiandikisha katika Freemason yuko katika hali ya dhambi nzito na hawezi kupokea Komunyo Takatifu. Likaongeza kwamba viongozi wa Kanisa mahalia hawana mamlaka ya kutoa hukumu inayolegeza hilo. Kwa hiyo usitafute padre mpole wa kukupa ruhusa, kwa sababu hata askofu hana ruhusa hiyo ya kutoa.

Mwaka 2023 Askofu Julito Cortes wa Dumaguete, Ufilipino, aliuliza tena baada ya kuona waamini wake wengi wakijiunga. Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilijibu tarehe 13 Novemba, kwa idhini ya Papa Fransisko, kwamba tamko la 1983 linasimama vilevile, hata kwa mapadre.

Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni la mtu kudhani kwamba, kwa kuwa hatengwi papo hapo, basi ameruhusiwa. La pili ni hoja kwamba "loji yetu haipigani na Kanisa, kwa hiyo haituhusu." Pingamizi la Kanisa halikuanzia kwenye vita. Papa Klementi wa 12, alipotoa katazo la kwanza mwaka 1738, alilalamikia watu wa dini zote kufungwa pamoja kwa kiapo kilichoapwa juu ya Biblia ili wanyamaze kabisa kuhusu mambo yao. Linalopingwa ni misingi yenyewe: kiapo, siri, na kumtendea Kristo kama rai mojawapo kati ya nyingi. Loji yenye watu wema bado ina misingi hiyo.

Kwa mkuu wako inatosha kusema, "Nashukuru mzee, lakini Kanisa langu haliruhusu." Katika ibada ya kuingizwa, mgombea hutakiwa kukiri kwamba amekuja kwa hiari, bila kushinikizwa na marafiki. Freemason anayeijua loji yake hatakusukuma.

Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Katiba ya kanisa letu haisemi lolote kuhusu Freemason, nami nimealikwa na watu ninaowaheshimu. Nitumie vigezo gani kuamua? – Msomaji, Nairobi

Amina. Ukitafuta jibu kwa kuhesabu makanisa, utachanganyikiwa. Wamethodisti wa Uingereza mwaka 1985 waliwashauri waumini wao wasijiunge. Sinodi ya Kanisa la Uingereza mwaka 1987 iliipokea kwa kura 394 dhidi ya 52 ripoti iliyotilia shaka nzito upatanifu wa Ukristo na Freemason, lakini haikukataza, na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1945 hadi 1961, alikuwa mwanachama. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani mwaka 1993 waliorodhesha mafundisho ya loji yanayogongana na Injili, kisha wakamwachia kila mtu dhamiri yake. Heri upime ibada yenyewe.

Anza na sala. Loji za mfumo wa Kiingereza humtaka kila mwanachama aamini Mungu, ambaye ibadani huitwa Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Baada ya pande mbili za Freemason wa Uingereza zilizokuwa zikishindana kuungana mwaka 1813, ibada zilipangwa upya na marejeo ya Kikristo yakaondolewa ili watu wa dini nyingine wasikwazike. Kwa hiyo utasali pale, lakini sala haitafungwa kwa jina la Yesu. Loji itakujibu kwamba yenyewe si dini: haina sakramenti, haiahidi wokovu, na mjadala wa dini na siasa ni marufuku ndani yake. Majibu hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kusali bila kumtaja Yesu kwenye mkutano wa kijiji ni tofauti na kujifunga maisha yote kwenye ibada ambayo kwa kanuni yake haimtaji. Jipime hapo.

Kisha kuna kisa cha Hiramu katika daraja la tatu, la mwisho kati ya madaraja matatu ya loji. Biblia inamtaja Hiramu, mwana wa mjane wa kabila la Naftali, fundi wa shaba aliyeletwa kutoka Tiro (1 Wafalme 7:13-14), na aya ya 40 inasema alimaliza kazi yote ya nyumba ya Bwana. Katika loji anauawa na mafundi watatu kwa kukataa kutoa siri kabla kazi haijaisha, na mgombea mwenyewe huigiza nafasi yake: analazwa kama maiti, kisha anainuliwa. Wapo Wakristo wanaouona kuwa mchezo wa kufundisha uaminifu. Wapo wanaoona kufa na kufufuka kwa mfano, bila Kristo, ni kuigiza ubatizo. Soma Warumi 6:3-5 polepole kabla ya kuchagua upande.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni kiapo. Usiku wa kuingizwa, mgombea hufungwa kitambaa machoni, huvishwa kamba shingoni, na mkono wa kulia, kifua upande wa kushoto na goti la kushoto huachwa wazi. Hupiga goti la kushoto, mkono wa kulia ukiwa juu ya kitabu kitakatifu cha dini yake, wa kushoto ukishika bikari ambayo ncha yake imeelekezwa kifuani. Hapo kiongozi humhakikishia kwamba nadhiri haina kitu kinachopingana na wajibu wake wa kiraia, kimaadili au kidini, na humwuliza kama yuko tayari kuichukua. Akikubali, ndipo anasomewa maneno kipande kwa kipande, naye anayarudia. Yaani anakubali kwanza, maneno yanafuata. Adhabu za kutisha za zamani, za kukatwa koo na kung'olewa ulimi, ziliondolewa ndani ya viapo vya Kiingereza mwaka 1986, ingawa hutajwa kwingine katika ibada. Lakini hata kiapo kisicho na adhabu kinagusa Mathayo 5:34-37. Ibara ya 39 ya imani ya Kianglikana, ambayo inaruhusu kuapa, inazungumzia kiapo kinachodaiwa na hakimu kwa jambo la haki. Kuapa juu ya Biblia kwa maneno usiyoyajua ni jambo lingine, na Walawi 5:4-5 inakuita ukiri kosa ukiapa bila kufikiri.

Ukiona bado unataka kuendelea, usitie saini fomu kabla ya kupata majibu. Uliza loji iko chini ya Loji Kuu gani, yaani chombo kinachozisimamia loji. Afrika Mashariki zipo za Uingereza, Skotlandi na Ayalandi. Grand Orient ya Ufaransa, ambayo Waingereza hawaitambui, iliondoa sharti la kumwamini Mungu mwaka 1877. Omba kusoma viapo vya madaraja yote matatu. Ukinyimwa, simama hapo. Omba kwa maandishi gharama ya mwaka wa kwanza yote kwa pamoja: ada ya kuingia, ada ya mwaka, mavazi, chakula cha baada ya kikao na michango ya hisani, maana wengi huuliza ada ya kuingia tu, kisha huona aibu kulalamika. Mweleze mkeo, mchungaji na baraza la wazee kabla jina lako halijapigiwa kura. Kura hiyo ni ya vipira: vipira vyeusi 3 vinakukataa, na loji nyingine zimejiwekea kwamba 2 au hata 1 kinatosha.

Jambo moja linalopotosha: utaambiwa kuna daraja la Kikristo, Rose Croix, ambalo Uingereza hupokea wanaoamini Utatu Mtakatifu tu. Ni kweli lipo. Lakini hulifikii mpaka umepita madaraja matatu tuliyoyaeleza, na viapo vyake vyote.

Hamjambo wahariri. Nimekuta kwenye begi la mume wangu kijiaproni cheupe chenye ukingo wa buluu na alama kama herufi T zilizopinduliwa. Tunasali pamoja kanisani miaka yote. Niogope? – Mama wa watoto watatu, Mombasa

Hatujambo, dada. Aproni hiyo ni vazi la loji na si hirizi. Huwa ya ngozi ya kondoo, upana wa sentimita 36 hadi 41. Daraja la kwanza ni nyeupe tupu. La pili huongezwa maua mawili ya buluu ya utepe. La tatu huwa na maua matatu, ukingo wa buluu na vishada vya minyororo ya rangi ya fedha. T zilizopinduliwa huchukua nafasi ya maua kwa mtu anayeongoza loji au aliyewahi kuiongoza. Kwa hiyo, ikiwa ni yake, mumeo si mgeni humo. Amekaa miaka.

Usimfungulie mashtaka kwa yale ya mitandaoni, atayakanusha kwa haki na mazungumzo yatafia hapo. Mwulize mambo anayoweza kuyajibu bila kuvunja siri: alijiunga lini, analipa kiasi gani kwa mwaka, vikao ni siku zipi, na kwa nini hakukwambia. Kukwambia kwamba yeye ni mwanachama si siri ya loji. Kilichofichwa hapo amekificha yeye, na ninyi wawili mzungumze hilo kabla ya lolote.

Nimetumiwa ujumbe: lipa shilingi 150,000 ya fomu ya Freemason, ndani ya siku saba upate milioni 50 na gari. Nimeshatuma nusu. Nifanyeje? – Kijana, Dodoma

Umetapeliwa, mdogo wetu. Usitume nusu iliyobaki, hata wakikutisha kwamba jina lako "limeshaingizwa kitabuni". Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, kwa kuwa nafasi ya kurudishiwa huisha mpokeaji akishatoa fedha. Ripoti namba ya tapeli huyo kwa 15040, kisha nenda polisi na ujumbe wote bila kufuta hata mmoja. Ikiwa ulituma picha ya kitambulisho, piga *106# uangalie kama kuna laini iliyosajiliwa kwa jina lako usiyoijua.

Loji halisi haisajili kwa simu. Inataka wanachama wawili wanaokujua wakupendekeze, mahojiano na kura, na mgombea hukiri mbele ya wote kwamba hakuja kwa tamaa ya faida. Anayekuahidi milioni 50 anakuahidi jambo ambalo mgombea wa kweli hutakiwa kulikana.

Rotary nayo ni Freemason? – Msomaji, Kampala

Hapana. Ilianzishwa Chicago mwaka 1905 kama klabu ya wafanyabiashara na wanataaluma. Haina kiapo, madaraja wala ibada ya siri, na hupokea wanawake.

Nilikuwa Freemason miaka kadhaa. Sasa nimeokoka na nataka kutoka, lakini naogopa kiapo changu. – Msomaji, Arusha

Unaweza kutoka, ndugu. Mwandikie katibu wa loji yako barua fupi: "Najiuzulu uanachama kuanzia tarehe hii." Huhitaji kutoa sababu. Lipa ada unayodaiwa, na omba cheti kinachoonyesha huna deni. Wengi hukosea kwa kuacha tu kulipa. Chini ya Loji Kuu ya Uingereza, jina hubaki kwenye daftari mpaka deni lifike miaka 2 kamili, ndipo uanachama unakoma, nawe unaandikwa mdaiwa. Ikiwa uko kwenye loji zaidi ya moja, au umeingia Royal Arch au shirika jingine la juu, kila kimoja kina barua yake. Kuiacha loji pia si sawa na kufutwa kabisa katika Freemason. Ukitaka hilo, iandikie Loji Kuu yenyewe.

Kuhusu kiapo, Herode alishika kiapo chake mbele ya wageni na Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa (Marko 6:23-28). Kiapo hakimlazimishi mtu kuendelea na jambo ambalo dhamiri yake mbele za Mungu inalikataa. Ukiwa Mkatoliki, jiuzulu kwanza, kisha nenda kwenye Kitubio na umweleze padre kila kitu. Ukiwa Mprotestanti, mwone mchungaji wako, msali pamoja, naye asikie kutoka kwako kabla hajasikia mitaani. Huna wajibu wa kupanda jukwaani kutaja ishara na maneno ya siri, wala majina ya wenzako. Anayekudai ushuhuda wa namna hiyo ili kujaza mkutano, mkatalie. Aproni na vitabu virudishe kwa katibu pamoja na barua, na ubaki na nakala yenye saini yake ya kupokea.