Sakafu ya gereji inatoa unga? Weka kwanza brashi ya rangi chini

Banda la gari hapa kwangu Kibaha nililifagia miaka mitatu bila kutakata. Asubuhi unafagia, jioni ufagio unazoa tena unga wa kijivu. Viatu vinauingiza hadi sebuleni, na mama watoto alishachoka kusema.

Nikaona dawa ni rangi ya epoksi. Nikapaka mikono miwili, ikang'aa kama kioo. Haikumaliza miezi miwili, matairi yakiingia na moto wa barabarani yanaondoka na vipande. Fundi mmoja mtu mzima akaokota kipande, akakigeuza: mgongoni kimebeba saruji. Akacheka. "Bosi, rangi haijabanduka. Kilichobanduka ni sakafu."

Hapo nikakumbuka siku ya kumwaga zege. Vijana walilikoroga jepesi kama uji ili lisiwachoshe kusambaza. Maji yakapanda juu, nao badala ya kusubiri yakauke wakanyunyizia saruji kavu na kupiga mwiko. Kumwagilia je? Siku moja tu, wakati ilitakiwa walau wiki nzima. Ndiyo maana juu pakabaki utando dhaifu unaosagika kila ukikanyaga.

Kabla hujanunua chochote, chukua msumari ukwaruze. Ukiacha mstari mwembamba tu, sakafu inatibika. Ukizama na kuchimbua mchanga, usijidanganye: vunja, umwage upya. Na niru nyembamba, yaani saruji laini ya kumalizia sakafu, ukiipaka juu ya unga itapasuka na kubanduka kama rangi yangu.

Msumari wangu ulikwaruza juu juu. Kuiondoa epoksi kwa grinda ndiyo kazi iliyonitoa jasho. Vaa barakoa ya maana, si kitambaa, kwa sababu vumbi la zege lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) na huharibu mapafu. Hata kufagia, lowesha kwanza. Kisha nikasugua kwa brashi ya waya na maji hadi maji ya kusuuzia yakatoka safi, nikaacha pakauke.

Dawa yenyewe ni sodiamu silikati, inauzwa kama kikaza sakafu. Inanywewa na zege, inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji na kugeuka kitu kigumu kinachoziba vitundu. Ndiyo maana haifanyi kazi juu ya rangi wala oili. Changanya na maji kama galoni linavyoelekeza, vaa glavu na miwani, tandaza kwa brashi pana, na pakianza kukauka ongeza. Mimi nilipalowesha kama nusu saa. Inayobaki juu isuuze ingali mbichi. Kona moja niliisahau, ikaganda utando mweupe ambao hadi leo haujatoka. Kesho yake nikarudia.

Sakafu haipendezi, ina mabaka kama ngozi ya fisi. Lakini jana nimelala chali chini ya gari nabadilisha oili, nikainuka, shati langu jeusi halina unga mgongoni, jeusi vilevile.